Kiongozi: Gazeti la Shule ya Tanga

Gazeti hili la Kiswahili lilichapwa katika Shule ya Serikali, Tanga, kuanzia 1904, enzi za Wajerumani. Wanafunzi ndio waliofanya kazi ya mtambo. Walipanga herufi za risasi moja moja kwa vidole, zikiwa zimegeuka kama kwenye kioo, b ikifanana na d. Kazi ya jicho kali. Gazetini humo zilitoka habari, barua na mashairi, hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolizima 1916.

Shule hiyo hiyo ilikuwa na bendi ya tarumbeta na ngoma. Bendi za namna hii ndizo zilizoizaa beni, ngoma ya gwaride iliyotikisa pwani nzima. Tunalihifadhi gazeti la Kiongozi kwa heshima ya wanafunzi hao, waliochapa Kiswahili mapema nchini.