Ile Damu Ilikwenda Wapi? Mwanjelwa katika Historia ya Utafiti wa UKIMWI

Mama mmoja ninayemheshimu, ambaye leo anauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, aliniuliza swali nililoshindwa kulijibu papo hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa mhudumu wa baa kando ya barabara kuu. Baada ya kuitikia shikamoo yangu na kunipimia kilo zangu, alisema: "Mwalimu, ninyi ndio mnaosoma vitabu. Sisi tulitoa damu miaka ile, tukaenda, tukarudi. Ile damu ilikwenda wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mzazi anavyouliza habari za mtoto aliyesafiri zamani na hajaleta salamu. Jina la utafiti alioshiriki hakulikumbuka, na mimi sikumsumbua kulitafuta. Lakini nilirudi nyumbani na aibu. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi historia ya nchi hii. Katika mihadhara yangu barabara ya kwenda Zambia ina nafasi yake, na ukombozi wa Kusini mwa Afrika una nafasi yake. Wanawake waliotoa damu kando ya barabara hiyo hawakuwa na nafasi yoyote. Makala haya ni jibu langu kwa mama huyo, na ni masahihisho ya mihadhara yangu.

Hatuna budi kuanza na barabara yenyewe. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kule Rhodesia. Zambia, iliyokuwa ikitegemea reli za kusini kusafirisha shaba na kuingiza mafuta, ikajikuta imekabwa koo. Njia iliyobaki ilikuwa Dar es Salaam. Malori yalianza kubeba mafuta katika barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliifananisha na jehanamu. Bomba la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Mbeya, mji uliozaliwa katika miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, ukawa lango la Kusini. Penye lori pana dereva anayetaka kula, kunywa na kulala. Mwanjelwa ilikua pamoja na msafara huo: soko, gereji, nyumba za wageni na baa. Wasichana waliotoka vijijini kutafuta riziki walipata kazi humo, kwa mshahara mdogo na kwa bakshishi.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za ugonjwa huo. Mbeya iliumia mapema na iliumia sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003–04 ulionyesha kuwa asilimia 13.5 ya watu wazima mkoani hapa walikuwa wanaishi na VVU, wakati wastani wa kitaifa ulikuwa asilimia 7. Hapakuwa na mkoa mwingine uliotuzidi.

Wataalamu waliona jambo la pili katika maabara. Virusi vya UKIMWI si vya aina moja. Huko kaskazini, Uganda na Kenya, aina zilizotawala ni A na D. Kusini, Zambia na Malawi, iliyotawala ni C. Mbeya zote tatu zilikutana, na ndani ya mwili wa mtu mmoja ziliweza kuchanganyika na kuzaa virusi vyenye vinasaba vya mchanganyiko. Kwa mtu anayetafuta chanjo, hili ni swali zito: je, chanjo iliyotengenezwa kwa aina moja itamkinga mtu dhidi ya nyingine? Na je, mtu aliyekwisha kuambukizwa mara moja anaweza kuambukizwa tena kwa virusi vingine?

Kwa hiyo watafiti hawakuja Mbeya kwa bahati. Waliletwa na barabara ileile iliyoleta malori. Mkoa ulikuwa na mpango wa kudhibiti UKIMWI tangu mwaka 1988, ukisaidiwa na Wajerumani. Katika miaka ya 1990 ukaanza ushirikiano wa utafiti kati ya Wizara ya Afya, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya na Chuo Kikuu cha Munich. Baadaye iliingia taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed. Kazi hiyo leo imo ndani ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979.

Mwaka 2000 ulianza utafiti uliowaandikisha wanawake 600 waliokuwa wakihudumu katika baa za mkoa huu. Kwa zaidi ya miaka miwili walipimwa kila baada ya miezi mitatu, wakatibiwa magonjwa ya zinaa na kupewa ushauri. Kipimo cha mwanzo kilionyesha kuwa asilimia 68 kati yao walikuwa tayari wana VVU. Naomba tuitazame namba hiyo taratibu. Ni wanawake zaidi ya 400. Na kalenda ya nchi yetu inasema kwamba mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za kufubaza VVU bila malipo ulianza mwaka 2004. Kwa hiyo wengi wa wanawake hao walitoa damu katika miaka ambayo hospitali zetu za umma hazikuwa na dawa ya kuwapa. Walitoa wakijua, au wakihofu, kwamba wao wenyewe hawatavuna.

Dunia ilijifunza mengi kutokana na damu hiyo. Ilithibitika kuwa mtu anaweza kubeba virusi vya aina mbili kwa wakati mmoja, na kwamba jambo hilo lilikuwa takribani mara mbili zaidi miongoni mwa wahudumu wa baa kuliko miongoni mwa wakazi wa kawaida. Na kuna tunda jingine ambalo halitajwi sana: kadiri wanawake hao walivyoendelea kupata tiba na ushauri, maambukizi mapya kati yao yalipungua. Wanawake ambao mitaa ilikuwa ikiwanyooshea kidole walionyesha kwamba huduma inayotolewa kwa heshima hubadili mwenendo wa ugonjwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa chanjo. Kuanzia mwaka 2006, Mbeya, Kericho na Kampala zilishiriki jaribio lililohusisha watu 324 waliojitolea. Chanjo ilionekana kuwa salama na mwili uliitikia. Lakini chanjo ya namna hiyo ilipopelekwa kwenye jaribio kubwa zaidi nchini Marekani, ilisimamishwa mwaka 2013 kwa sababu haikuzuia maambukizi. Yakafuata majaribio ya TaMoVac, yaliyounganisha Dar es Salaam, Mbeya na Msumbiji. Mwezi Desemba 2020 ukaanza utafiti wa PrEPVacc katika vituo vya Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, ukiwa na watu 1,512. Mwaka 2023 uchanjaji ulisitishwa, na matokeo yakathibitisha kuwa chanjo zote mbili zilizojaribiwa hazikuwakinga waliochanjwa.

Msomaji mwenye haraka atasema: basi, damu ilipotea bure. Sivyo. Sayansi husonga pia kwa kuziba njia zisizofika. Isitoshe, kuna utafiti mmoja ambao matunda yake yamo katika vitabu vya madaktari leo. Watafiti wa Mbeya, Kericho, Kampala na Thailand waliwafuatilia watu wasio na VVU waliokuwa katika hatari kubwa. Watu hao walichomwa kidole mara mbili kwa wiki, ili maambukizi yakitokea yanaswe katika siku zake za kwanza kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Yalionyesha kuwa wingi wa virusi hufikia kilele takribani siku 13 baada ya kugundulika kwa mara ya kwanza katika damu, kisha hushuka na kutulia takribani siku ya 31. Kabla ya hapo siku hizo zilikuwa giza, kwa kuwa wagonjwa wengi huja hospitali zikiwa zimekwisha kupita. Mwangaza huo ulitoka kwenye vidole vya watu waliokubali kuchomwa mara mbili kwa wiki.

Mfano mwingine uko jirani, Kyela. Huko wataalamu waliwafuatilia wananchi kwa miaka kadhaa. Mwaka 2016 walitoa taarifa kwamba mtu mwenye vimelea vya matende na mabusha alikuwa na hatari ya kuambukizwa VVU takribani mara mbili ya asiye navyo. Ugonjwa uliodharauliwa kama aibu ya wavuvi na wakulima wa mpunga ukaonekana kuwa na undugu na janga kubwa la zama zetu. Swali hilo lingeulizwa wapi kama si mahali ambapo magonjwa yote mawili yanaishi nyumba moja?

Hapa sina budi kugusa jambo ambalo wasomi hulikwepa. Afrika Mashariki imekuwa na habari za mumiani tangu enzi za ukoloni: watu wanaodaiwa kukamata wapita njia na kunyonya damu yao kwa manufaa ya wakubwa. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizichukua habari hizo kwa uzito. Nami nakubaliana naye kwamba simulizi kama hizo hutufundisha jinsi watu walivyoyaona mamlaka. Mumiani ni jina ambalo wananchi waliupa utawala unaochukua bila kueleza. Mtafiti anayekuja na sindano huingia katika kumbukumbu hiyo, apende asipende. Dawa yake si kuwacheka wananchi kwa imani potofu. Dawa yake ni kueleza kabla ya kuchukua, na kurudi kueleza baada ya kuchukua.

Sehemu ya kwanza tumeifanya vizuri kiasi. Leo hakuna jaribio la tiba linaloweza kuanza nchini bila kibali cha kamati za maadili, na mshiriki husomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili. Udhaifu wetu uko katika kurudi. Matokeo huchapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya ng'ambo. Madaktari bingwa wanayajua na wanafunzi wa udaktari wanayakariri. Muuza mchele wa Mwanjelwa hayajui.

Wenzangu hunijibu kuwa siri ya mshiriki ni takatifu. Ni kweli, na sitaki ilegezwe hata kidogo. Lakini tumechanganya mambo mawili. Siri inamlinda mtu mmoja mmoja, jina lake na majibu yake. Haitukatazi kuwataja wahudumu wa baa wa barabara kuu kama kundi, wala kuitaja Mwanjelwa kama mahali. Askari wa vita vya Kagera ana mnara wake, na si lazima tujue jina la kila aliyeanguka. Kwa kuwaficha wanawake hawa kwa jina la siri, tumewalinda mara moja na kuwafuta mara mbili.

Jambo hili lina uzito wa leo. Utafiti wa mwaka 2022–23 unaonyesha kuwa kiwango cha VVU kwa watu wazima nchini kimeshuka hadi asilimia 4.4. Nyanda za Juu Kusini bado zinabeba mzigo: Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Wakati huohuo, mwezi Januari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na nchi nyingi zikatambua ghafla ni huduma ngapi na tafiti ngapi zilizokuwa zimesimama juu ya bajeti ya watu wengine. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi hiyo mtumishi wa wizara aliyeko Dodoma anaijua kuliko mimi. Ninachomwomba ni kukumbuka kwamba wakati serikali zetu zinajadili fedha, wanawake wa Mwanjelwa walikwisha kutoa mchango wao, na mchango huo hauwezi kurudishwa.

Nilirudi sokoni na jibu langu. Nilimweleza mama kuhusu aina tatu za virusi, kuhusu zile siku 13, na kuhusu chanjo zilizoshindwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili ambayo mwanafunzi wa shahada angejivunia, kisha akasema: "Kumbe ilifika mbali. Wenzangu wengine walikufa hawajui." Sikuwa na la kuongeza.

Tangu muhula huu, somo langu la barabara ya Zambia lina mhadhara mmoja zaidi. Wanafunzi wangu nawaagiza waende kuwasikiliza wazee wa barabara hiyo kabla hawajatutoka, kwa ridhaa yao na bila kuuliza hali ya afya ya mtu. Nanyi mnaoandika maombi ya vibali na mnaoyapitisha, ongezeni mstari mmoja: matokeo yatasomwa wapi, lini, na kwa lugha gani, mbele ya watu waliotoa damu yao. Mkutano wa mtaa unatosha. Viti vya plastiki vinakodishwa kwa bei nafuu pale Mwanjelwa.