Lipi Liingie, Lipi Liachwe? Funzo Kutoka Kamusi Elezo ya Wafaransa

Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kutunga kwa pamoja kijitabu cha maelezo ya wilaya yetu, kila kundi lilete makala yake, nasi tuzipange kwa alfabeti. Kundi la kwanza lilileta vita vya mtemi wa zamani. La pili liliorodhesha ziara zote za wakubwa waliowahi kufika shuleni. La tatu, ambalo lilikuwa na watoto wa wahunzi, lilieleza namna mivukuto inavyotengenezwa na jina la kila sehemu yake. Ubishi ukazuka. Wengine walidai kwamba mivukuto si historia. Wengine wakajibu kwamba ziara za wakubwa si elimu. Waliponigeukia niamue, sikuwa na kipimo cha kuwapa. Ndipo nilipoanza kuchunguza jinsi waliotutangulia walivyolitatua swali hilo, na kisa kilichonifaa kuliko vingine ni kile cha Ufaransa katika karne ya 18.

Mwaka 1728 Mwingereza Ephraim Chambers alichapisha mjini London kamusi elezo ya juzuu mbili. Mnamo mwaka 1745 mchapishaji mmoja wa Paris, Le Breton, alikusudia kuitafsiri tu kwa Kifaransa. Mwaka 1747 kazi hiyo ilikabidhiwa Denis Diderot na Jean d'Alembert, na mikononi mwao tafsiri ikageuka kuwa kitabu kipya, tena kitabu cha watu wengi. Waandishi zaidi ya 140 walichangia, miongoni mwao matabibu, wanasheria, mapadre na wahandisi. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1751. Kazi ilipokamilika mwaka 1772 palikuwa na juzuu 17 za maandishi na 11 za michoro, na makala zaidi ya 70,000.

Kazi ya mikono mingi namna hiyo haiendi bila kipimo. Mwaka 1753, mwanzoni mwa juzuu ya tatu, d'Alembert alikitangaza cha kwao waziwazi. Msomaji asitazamie kukuta humo maisha ya watakatifu, nasaba za koo tukufu, habari za kila kijiji, wala sifa za watekaji nchi. Nafasi hiyo iliwekewa elimu yenyewe, jinsi ilivyozaliwa na kukua, pamoja na matunda ya kazi za wenye akili. Yafaa tukumbuke kwamba hayo yalisemwa katika nchi ya mfalme na makabaila, ambako nasaba ndiyo iliyompa mtu cheo.

Waliokataliwa mlangoni walipisha wengine. Diderot alikuwa mtoto wa mfua visu wa mji wa Langres, naye alitaka kazi za mafundi zielezwe kwa heshima ileile iliyopewa falsafa. Wahariri waliingia katika karakana, wakauliza, wakaandika waliyoambiwa. Baadhi ya mitambo waliitengenezesha na kuiendesha wenyewe ili waielewe. Waligundua kwamba fundi hodari aghalabu hawezi kuieleza kazi yake, kwa kuwa maarifa yake yamo mikononi. Tena waliona chombo kimoja kikiitwa majina tofauti kutoka karakana hadi karakana. Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyepata kukusanya msamiati wa wavuvi au wa maseremala anaijua taabu hiyo.

Hata hivyo, kanuni haikuwafunga. Louis de Jaucourt, tabibu aliyeandika makala zipatazo 17,000, yaani karibu robo ya kitabu kizima, aliona kwamba haiwezekani kumwacha nje mtu kama Newton. Kwa kuwa majina ya watu hayakuwa na vidahizo vyake, maisha ya Newton aliyaweka chini ya jina la kijiji alichozaliwa, naye Shakespeare akamweka chini ya Stratford. Kanuni ilibaki, na msomaji hakunyimwa.

Hatari kubwa zaidi ilitoka kwingine. Mwaka 1759 serikali ilifuta kibali cha kitabu, na kazi ikaendelea kwa siri. Mwaka 1764 Diderot aligundua kwamba Le Breton mwenyewe, kwa kuogopa wakubwa, alikuwa akikata kwa kificho sehemu za makala baada ya wahariri kuzipitisha. Diderot alimwandikia kwa hasira na uchungu mwingi. Hapa pana tofauti ya kuzingatiwa. D'Alembert alipoziacha nasaba, alisema ameziacha na akaeleza sababu. Aliyetaka kubisha aliweza kubisha. Le Breton alipokata, msomaji hakujua hata kwamba kuna kilichokatwa.

Nasi Waafrika tulikuwa na nafasi gani humo? Katika juzuu zilizotoka mwaka 1765, Jaucourt aliishutumu biashara ya watumwa kwamba inavunja dini, maadili na haki ya asili. Lakini katika juzuu zilezile mwandishi mwingine aliwaeleza watumwa wa makoloni ya Marekani kwa kutaja taifa lipi linafaa kwa kazi ipi, kama mtu anayeeleza mifugo. Makala zote mbili zilipita kwa wahariri walewale. Hakuna mtumwa aliyeulizwa. Fundi wa Paris aliendewa karakanani akasikilizwa. Mwafrika alielezwa na waliomnunua.

Hilo ndilo linalolifanya swali hili kuwa letu. Mwaka 2001 ilianzishwa Wikipedia, kamusi elezo ya mtandao inayoandikwa na yeyote apendaye, na ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Leo hakuna haja ya kungoja kuelezwa na wengine. Lakini mlango ukiwa wazi, vinavyoingia kwanza ni vyenye kelele, nao uhunzi na ufinyanzi huchelewa, maana wenye kazi hizo hawana kalamu na kazi zao hazina vitabu vya kuzithibitishia. Kabla ya kudai nafasi yao katika kamusi elezo, hatuna budi sisi walimu kuwaendea, kuwasikiliza, kuyaandika na kuyachapisha maneno yao, hata kama ni katika jarida dogo kama hili.

Darasani kwangu tulikubaliana maswali matatu. Je, msomaji wa mbali atajifunza nini? Ni nani awezaye kulishuhudia jambo hili? Na tukiliacha, tumesema kwa nini? Mivukuto iliingia, na mhunzi mmoja mzee alikuja kusahihisha majina mawili tuliyoyakosea. Vita vya mtemi viliingia pia, lakini baada ya kundi lile kutumwa kwa wazee wa upande ulioshindwa. Ziara za wakubwa tuliziacha katika daftari la shule, na mwanzoni mwa kijitabu tukaandika kwamba tumeziacha na sababu yake. Kundi la pili halikufurahi, lakini lilikuwa na maelezo yetu mbele yake, na hadi leo wako wanaoniletea hoja za kuyapinga.