Motokaa Kuukuu Iliyoshinda Safari

Watu wengi hudhani ya kuwa motokaa ya mashindano huundwa mbali na zile za watu wote. Lakini tukitazama habari za zamani twaona sivyo. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari ya Afrika Mashariki kwa Volvo PV544, tena si mpya, bali iliyokwisha kutumika. Hata umbo lake lilikuwa la kizamani, kwani lilifuata lile la PV444 iliyoonyeshwa Stockholm mwaka 1944.

Basi nguvu zake zilitoka wapi? Kwanza, bodi na fremu vilikuwa kitu kimoja cha chuma, visiweze kuachana kwa kutikiswa. Pili, injini yake, aina ya B18, ilikuwa na beringi kuu 5 za kuishika kranki, na ile iliyotangulia ilikuwa na 3 tu. Mambo hayo hayakutiwa kwa ajili ya mashindano. Aliyanunua hata mtu wa kwendea sokoni. Fundi wa mashindano huongeza springi ngumu, taa, na bamba la kukinga injini na mawe. Uimara wenyewe hauongezi, huukuta.

Sisi tuzijuao barabara za udongo na mashimo yake twakumbuka neno la wazee: nyumba njema si mlango.