Ngoma za Spa: Babu kwa Risepsheni, Mjukuu kwa Masaji! Mwongozo wa Kila Chumba

Wacha nianze na stori. Mwaka jana nilijipea masaji kwa spa moja hapa Nyeri. Mafuta poa, mikono poa, usingizi ukaanza kunibeba. Ghafla spika ikapiga kelele: tangazo la kubeti! Kumbe ngoma zilikuwa zinatoka YouTube ya bure. Nililipia saa nzima, nikapumzika dakika kumi.

Kama umefungua spa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu ama Meru, ama ndio unasaka mtaji, soma hii. Sheria kubwa ni moja: mteja akielewa maneno ya wimbo, akili yake inafuata stori, haipumziki. Na huku mlimani mugithi karibu kila mtu anauelewa. Wimbo wa madeni na mapenzi yaliyovunjika ni mtamu Jumamosi usiku, lakini mathe aliyesimama soko ya Karatina tangu alfajiri amekuja kwako kusahau hayo madeni.

Haya, twende chumba kwa chumba.

1. Risepsheni

Hapa maneno ruhusa. Mteja anauliza bei huku akipima kama hii base ni ya maana. Chagua ngoma za mwendo wa wastani, mapigo 80 hadi 100 kwa dakika. Mkianza kuinua sauti ndio msikizane, punguza. Nyimbo za Joseph Kamaru, mzee wa Kangema aliyetuacha 2018, zinajulikana na wazee na vijana. Nanyuki, penye watalii wengi hupita wakienda mlimani, jaribu Ayub Ogada na nyatiti yake. Mgeni anasikia Kenya, na mwenyeji hachoki.

2. Kona ya kucha na nywele

Watu wanapiga gumzo hapa, kwa hivyo hata Samidoh anaruhusiwa. Punguza besi tu. Besi inapita ukuta wa mbao na kumfikia yule analala chumba cha pili.

3. Chumba cha masaji

Hapa maneno ni marufuku. Tafuta mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, ama muziki usio na mapigo kabisa: piano, filimbi, gitaa pekee. Na usiende mbali. Kamaru ana mjukuu anayeitwa KMRU, msanii anayeishi Berlin na kutengeneza muziki mtulivu wa sauti ndefu, kama ukungu ukitembea Aberdare. Anza na albamu yake Peel ya 2020. Babu kwa risepsheni, mjukuu kwa masaji. Familia moja imekumalizia kazi.

Sasa kosa ambalo linaharibia wengi: ngoma za mapenzi za chumba cha kulala. Unajua venye miji yetu huongea kuhusu masaji. Mathe wa kanisa akisikia hizo mahaba, harudi tena na anaambia wenzake. Msee mwingine naye anaanza kujiambia vitu. Na anayefungiwa na huyo msee si wewe mwenye biashara, ni msichana wako wa masaji. Hapo ngoma ni sehemu ya usalama wake. Ikisema hii ni kazi ya heshima tangu dakika ya kwanza, umemsaidia kabla hajafungua mdomo.

Pia, masaji ya dakika 60 isiwe na orodha ya dakika 20 inayojirudia. Weka angalau saa mbili, na ubadilishe kila wiki. Mteja anasikia mara moja, lakini mfanyakazi anasikia kutoka asubuhi hadi jioni.

4. Sauna na chumba cha mvuke

Usiingize spika ya betri huko ndani. Sauna inaweza kufika nyuzi 80, na mvuke unaua vifaa. Weka spika nje karibu na mlango, sauti ipenye kidogo. Watu wengi hapa hutaka kimya.

5. Pa kupumzika baadaye

Mpe chai na umwachie dakika zake. Muziki uwe chini kabisa. Mvua ya Aprili ikianza kupiga mabati, usishindane nayo kwa kuongeza sauti. Zima spika. Hiyo mvua ni ngoma ya bure na haina matangazo.

Kabla ubonyeze kitu

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kupiga muziki wa wenyewe mahali pa biashara kunahitaji leseni. Uliza KECOBO ni mashirika gani yana idhini ya kukusanya hizo pesa mwaka huu. Usijitetee na Spotify unayolipia kila mwezi, hiyo ni ya masikio yako pekee. Njia safi ni kununua albamu, kuweka kwa simu ya kazi isiyopigiwa na mtu, na kulipia leseni. Hata yule msanii wa gitaa unayemshabikia anafaa kula hapo.

Mwisho, fanya mtihani huu leo kabla wateja waingie. Lala kwa kitanda chako mwenyewe, funga macho, uache ngoma zicheze saa nzima. Ukijipata unaimba, ama unafikiria kodi ya nyumba, badilisha hiyo orodha.