Mlango Namba 22

Kompyuta iliyounganishwa kwenye intaneti ina milango zaidi ya 65,000. Mingi hukaa imefungwa. Kurasa za wavuti hupitia namba 80 na 443, barua pepe hupitia namba 25. Lakini mlango unaowanyima usingizi mafundi wa mitandao ni namba 22. Huo ndio mlango wa keataka. Anayeingia pale haji kusoma matangazo ukutani. Ameshika funguo za nyumba zote, na stima anaweza kuzima akitaka.

Mimi huupitia karibu kila siku. Kazi yangu ni kusimamisha seva za Linux za biashara ndogo hapa Nairobi na kuhakikisha hazivamiwi. Nilitaka kujua ni nani aliuweka mlango huu, na kwa nini una kufuli la aina hii. Jibu lilinipeleka Ufini, mwaka 1995.

Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali alitumia Telnet, au ndugu yake rlogin. Unaandika jina lako, unaandika nenosiri, na maneno hayo yanasafiri kwenye waya yakiwa uchi. Ni kama kumtajia mtu PIN yako kwa sauti ukiwa siti ya nyuma ya matatu: konda anasikia, na abiria wote wanasikia. Waliobuni mfumo huo hawakuwa wajinga. Mtandao wao ulikuwa kama kijiji cha vyuo vikuu na maabara, watu wanajuana, na kijijini nani anafunga mlango mchana?

Kijiji kikawa jiji. Mwaka 1995 mtu alipenyeza programu ya kunasa maneno ya siri kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki. Ilipogunduliwa, ilikuwa imekusanya maelfu ya majina na maneno ya siri. Mtafiti mmoja wa chuo hicho, Tatu Ylönen, hakungoja kamati. Aliketi akaandika programu inayofanya kazi ileile ya Telnet, ila kila kitu kinafichwa kwa hesabu kabla ya kutoka kwenye mashine. Akaiita SSH.

Sasa alihitaji mlango. Wakati huo FTP, ya kuhamishia mafaili, ilikuwa na namba 21, na Telnet ilikuwa na 23. Katikati, 22 ilikuwa wazi. Mwezi Julai 1995 Ylönen aliwaandikia barua pepe watunzaji wa orodha ya namba hizo, akiomba kwa adabu apewe 22. Siku iliyofuata alijibiwa kwamba namba ni yake. Hakukuwa na fomu ya kujaza, wala mtu wa kupewa kitu kidogo. Akaitoa programu bure pamoja na msimbo wake wote, na kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa na watumiaji kama 20,000 katika nchi 50.

Hapo ndipo pesa ikaingia. Desemba 1995 Ylönen alianzisha kampuni, na kila toleo jipya likaja na masharti makali zaidi. Simlaumu, mtu lazima ale. Lakini kufuli ambalo dunia nzima ilikuwa imelizoea lilikuwa linarudi taratibu mikononi mwa mwenye duka.

Uzuri wa programu huria ni kwamba kilichokwisha kutolewa hakinyang'anywi. Mwaka 1999 Björn Grönvall, programu msanifu wa Uswidi, alirudi nyuma hadi toleo la zamani lililokuwa bado huru, akaanza kulirekebisha. Watu wa mradi wa OpenBSD, ukiongozwa na Theo de Raadt kutoka Calgary, Kanada, wakaichukua kazi hiyo, wakaifagia na kuikagua mstari kwa mstari. Desemba 1999 ikatoka ikiwa na jina OpenSSH. Kuwa Kanada kuliwasaidia sana, maana sheria za Marekani zilikuwa zimeiweka programu ya kuficha siri kwenye kapu moja na silaha: kuisafirisha nje kulihitaji kibali. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 2000. Leo OpenSSH iko karibu kwenye kila seva ya Linux unayoweza kuitaja.

Kwetu umuhimu wake uliongezeka mwaka 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Nyaya zilileta kasi, lakini pia zilituhamisha kutoka vichochoroni hadi kando ya barabara kuu. Washa seva mpya leo, uipe anwani ya wazi, kisha ufungue faili ya kumbukumbu, auth.log. Kabla chai yako haijapoa utaona wageni wanabisha kwenye 22: wanajaribu root, wanajaribu admin, wanajaribu maneno ya siri ambayo hata mtoto angekisia. Si watu, ni roboti. Hawakujui wala hawana chuki na wewe. Wanapita nyumba kwa nyumba wakitikisa vitasa.

Dawa yao ni funguo. Unatengeneza jozi: ufunguo wa wazi na ufunguo wa siri. Ule wa wazi ni kama kufuli unaloweza kumgawia yeyote. Unaliweka kwenye seva. Ule wa siri haubanduki kwenye mashine yako. Ukibisha, seva inadai uthibitisho ambao mwenye ufunguo wa siri pekee ndiye anaweza kuutoa, bila ufunguo wenyewe kusafiri hata hatua moja. Kisha unazima kabisa kuingia kwa nenosiri, unamkataza root kuingia moja kwa moja, unafunga milango usiyoitumia, na unasasisha mfumo. Roboti zitaendelea kubisha, lakini hakuna tena nenosiri la kukisia.

Ila kufuli lina fundi, na fundi ni binadamu. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian, mojawapo ya familia kubwa za Linux, aliondoa mistari michache ya msimbo wa OpenSSL iliyokuwa ikileta malalamiko kwenye chombo cha ukaguzi. Kumbe mistari hiyo ndiyo iliyoleta bahati nasibu inayofanya kila ufunguo uwe wa kipekee. Kwa karibu miaka miwili, funguo zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu zilitoka kwenye kapu lenye funguo 32,767 tu kwa kila aina na ukubwa. Kompyuta inazijaribu zote haraka. Luciano Bello aligundua, na Mei 2008 mafundi dunia nzima wakaanza kutupa funguo na kutengeneza nyingine. Msimbo ulikuwa wazi muda wote huo. Yeyote angeweza kuusoma; tatizo ni kwamba aliyeusoma akaelewa alichelewa kupatikana.

Na kisa cha 2024 kinatisha zaidi, kwa sababu hakikuwa ajali. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili inayoitwa xz. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin, Mfini mwingine, kwa kujitolea, karibu peke yake. Mwaka 2021 alitokea msaidizi mwenye bidii aliyejiita Jia Tan. Mwaka uliofuata majina yasiyojulikana yakaanza kumsukuma Collin: mbona kazi inachelewa, mbona humpi mtu mwingine? Polepole Jia Tan akapewa funguo. Mwanzoni mwa 2024 akaingiza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. OpenSSH yenyewe haitumii xz, lakini baadhi ya familia za Linux zilikuwa zimeziunganisha kupitia programu nyingine. Mlango namba 22 ungefunguka kwa mtu mmoja tu aliyejua siri.

Aliyeokoa jahazi ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft aliyekuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL. Aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kupuuza. Tarehe 29 Machi 2024 akautangazia umma, kabla matoleo hayo hayajaenea kwenye seva nyingi.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Duka la mtandaoni la Eastleigh, sacco ya Thika, kliniki yenye rekodi za wagonjwa, vyote vinaelea juu ya kazi ya watu wachache ambao wengi wao hawalipwi, na wanachoka. Jia Tan hakuvunja hesabu za kufuli. Alimwona mtu aliyechoka asiye na wa kumpokea mzigo, akajitolea kumsaidia. Hilo linatuhusu sisi tunaopakua bure kila siku. Tunao vijana hapa wanaoweza kusoma msimbo huo, kuripoti kasoro, hata kuutunza, na kampuni zinazoutumia zina uwezo wa kuwalipa. Tusipoenda kumpokea mzigo mtunzaji aliyechoka, Jia Tan mwingine atatutangulia.