Retinopathia ya Jua

Retinopathia ya Jua (pia: kuungua kwa retina kwa Jua) ni jeraha la jicho linalotokea mtu akilitazama Jua moja kwa moja bila kinga inayofaa. Retina ni utando ulio nyuma ya jicho. Hupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara zinazopelekwa kwenye ubongo. Jeraha hili hupatikana hasa katikati ya retina, sehemu inayomwezesha mtu kusoma, kutambua sura za watu na kuona vitu vidogo.

Wagonjwa wengi hujitokeza baada ya kupatwa kwa Jua. Retina haina neva za maumivu, hivyo anayejeruhiwa hahisi chochote wakati anatazama. Dalili huanza saa kadhaa baadaye. Kwa kuwa hakuna tiba iliyothibitishwa, kinga ndiyo njia ya uhakika.

Jinsi jeraha linavyotokea

Konea na lenzi ya jicho hukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye retina. Mtu akilitazama Jua, taswira yake kwenye retina huwa duara dogo lenye upana wa takriban milimita 0.16. Duara hilo huangukia fovea, yaani sehemu ya kati yenye seli nyingi za koni, ambazo ndizo huona rangi na mambo madogomadogo.

Konea na lenzi huzuia sehemu kubwa ya mnururisho wa urujuanimno, lakini huruhusu mwanga unaoonekana na sehemu ya infraredi kupita. Madhara hutokana hasa na mwanga unaoonekana, zaidi ule wa buluu. Nishati yake huanzisha mabadiliko ya kikemia yanayodhuru seli zinazopokea mwanga pamoja na tabaka la seli zinazozilisha. Joto nalo huchangia. Mtu akilitazama Jua kwa darubini isiyo na kichujio, mwanga mwingi zaidi huingia jichoni, joto hupanda sana, na retina inaweza kuungua mara moja.

Wanaodhurika kwa urahisi zaidi ni watoto na vijana, kwa sababu lenzi zao ni angavu na hupitisha mwanga mwingi. Wengine ni watu walioondolewa lenzi bila kuwekewa ya bandia, na wanaotumia dawa zinazoongeza wepesi wa mwili kudhurika na mwanga, kama vile tetrasiklini.

Kwa nini kupatwa kwa Jua ni hatari

Kwa siku za kawaida jicho hujilinda lenyewe. Mwangaza wa Jua humfanya mtu afumbe macho au ageuze uso, na mboni husinyaa ili kupunguza mwanga unaoingia.

Wakati wa kupatwa kwa Jua kinga hiyo hupungua nguvu. Mwezi unapofunika sehemu kubwa ya Jua, mazingira huwa na giza kiasi, mboni hupanuka, na mtu anaweza kutazama bila kuumia. Lakini sehemu ya Jua ambayo bado inaonekana ina mwangaza uleule wa siku zote. Mwezi umepunguza tu ukubwa wa eneo linaloangaza. Hata Jua likifunikwa kwa asilimia 99, hilali nyembamba inayobaki inaweza kuunguza sehemu ya retina inayoangukiwa na taswira yake.

Hatari hutofautiana kulingana na aina ya kupatwa:

- Kupatwa kikamilifu: ni salama kutazama kwa macho matupu katika kipindi kifupi tu ambapo Jua lote limefunikwa, na kwa walio ndani ya njia ya kivuli pekee. Kinga huhitajika kabla na baada ya kipindi hicho.
- Kupatwa kisehemu: hakuna wakati wowote ulio salama.
- Kupatwa kipete: ukingo wa Jua hubaki ukiangaza kama pete, hivyo hapa pia hakuna wakati ulio salama. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 1 Septemba 2016, pete ilipoonekana Rujewa katika Mkoa wa Mbeya, Tanzania.

Nje ya kupatwa kwa Jua, jeraha hili limeonekana kwa watu wanaokodolea Jua macho kwa sababu za ibada, kwa ugonjwa wa akili, wakiwa wamelewa dawa za kulevya, au kwa mashindano ya watoto.

Dalili

Dalili huanza kati ya saa chache na siku moja au mbili baada ya kutazama. Huweza kuwa katika jicho moja au yote mawili. Zinazojulikana zaidi ni:

- doa jeusi, la kijivu au la njano katikati ya kile mtu anachotazama
- ukungu, hasa wakati wa kusoma
- mistari iliyonyooka kuonekana imepinda
- vitu kuonekana vidogo kuliko vilivyo
- rangi kubadilika au kufifia
- kusumbuliwa na mwanga na kuumwa kichwa

Macho huonekana kawaida kwa nje, kwa kuwa jeraha liko ndani. Mtu mwenye macho mekundu, machozi na maumivu makali kama ya mchanga huenda ana tatizo jingine, lililoelezwa chini.

Utambuzi na matibabu

Daktari wa macho humuuliza mgonjwa kama alilitazama Jua, hupima uwezo wake wa kuona, kisha huchunguza retina. Mara nyingi huona doa dogo la njano kwenye fovea. Kipimo cha picha za tabaka za retina huonyesha kukatika kwa tabaka la seli zinazopokea mwanga, hata pale doa lisipoonekana kwa uchunguzi wa kawaida. Baada ya kupatwa kwa Jua kwa tarehe 21 Agosti 2017 nchini Marekani, madaktari wa New York walipiga picha ya retina ya mgonjwa yenye jeraha la umbo la hilali, sawa na Jua lilivyoonekana siku hiyo.

Dawa za steroidi zimejaribiwa, lakini faida yake haijathibitishwa. Matone, maziwa au maji ya majani yanayotiwa juu ya jicho hayatibu seli za retina zilizojeruhiwa, na yasiyo safi yanaweza kuleta maambukizi. Wagonjwa wengi hupata nafuu wenyewe ndani ya wiki kadhaa hadi miezi 6. Wengine hubaki na doa dogo la kudumu linalomeza herufi wanaposoma. Mtu hapofuki kabisa kwa kawaida, kwa sababu kingo za retina hubaki salama.

Kinga

Vichujio vinavyofaa ni miwani ya kutazamia kupatwa kwa Jua iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2. Kiwango hicho hakiruhusu zaidi ya asilimia 0.0032 ya mwanga unaoonekana kupita. Ndani ya jengo lenye taa za kawaida, mtu aliyevaa miwani hiyo hapaswi kuona kitu. Miwani yenye mkwaruzo au tundu haifai, na haitumiwi kutazamia ndani ya darubini. Kioo cha mchomeleaji vyuma cha namba 14 pia hufaa.

Vifuatavyo si salama, ingawa hutumiwa na wengi:

- miwani ya kawaida ya jua, hata ikivaliwa miwili
- filamu ya eksirei au ya picha
- kioo kilichopakwa masizi
- diski ya CD
- taswira ya Jua kwenye beseni la maji

Njia rahisi isiyo na gharama ni kutoboa tundu dogo kwenye kadi, kulipa Jua mgongo, na kuacha mwanga upite kwenye tundu hadi kwenye karatasi nyeupe au ardhini. Taswira ya Jua lililopatwa huonekana hapo. Chujio la jikoni hufanya kazi hiyohiyo, na nafasi kati ya majani ya mwembe huchora hilali nyingi chini ya mti. Anayetazama haangalii juu hata kidogo.

Tofauti na madhara mengine ya Jua kwa macho

Kuungua kwa konea hutokana na urujuanimno na huleta maumivu makali, machozi na kushindwa kufumbua macho. Huwapata watu walio kwenye theluji bila miwani, kama vile wapandaji wa Mlima Kilimanjaro, kwa kuwa theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya urujuanimno. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja hadi tatu. Kukaa juani kwa miaka mingi huongeza uwezekano wa kuota kinyama juu ya weupe wa jicho na wa kupata mtoto wa jicho. Kofia pana na miwani inayozuia urujuanimno husaidia dhidi ya madhara haya, lakini hazitoshi kwa kulitazama Jua.

Historia

Hatari hii imejulikana tangu kale. Katika maandishi ya Plato, Sokrates anataja watu wanaoharibu macho yao kwa kutazama Jua linapopatwa. Isaac Newton alimweleza John Locke katika barua ya mwaka 1691 kwamba alipokuwa kijana alitazama taswira ya Jua kwenye kioo, akabaki akiiona kila mahali hata akajifungia gizani kwa siku tatu.

Tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kikamilifu kutakaopita Hispania, Afrika ya Kaskazini, Saudia, Yemen na Somalia. Kenya, Tanzania na Omani zitaona kupatwa kisehemu tu, hivyo watazamaji wake watahitaji kinga kuanzia mwanzo hadi mwisho.