Saa ya fahari na pima 50 za maji

Kibaha ni makao makuu ya mkoa unaoitwa Pwani, lakini mtu anaweza kuzaliwa Maili Moja, akasoma Tumbi, akaoa Mlandizi, na asionje maji ya chumvi hata siku moja. Kisarawe nayo imekaa vilimani, kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Ufukwe iliokuwa nao zamani uliondoka na Mkuranga wilaya ilipomegwa. Hata hivyo mkoa wao ni mmoja na kisiwa cha Mafia, ambako mwaka 1995 ilianzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini Tanzania, na ambako wageni na wenyeji hujifunza kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni.

Ndiyo maana swali hili linawahusu watu wa Kibaha na Kisarawe: je, saa ya gharama inafaa kuzamia nayo? Mtu wa Kibaha amezawadiwa saa ya gharama siku ya kustaafu. Amevuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, ameshuka Utende, na mwalimu amemwambia anayeanza hapiti mita 18. Nyuma ya saa imeandikwa kwamba inazuia maji hadi mita 30. Kwa hesabu ya haraka, ana mita 12 za akiba. Hesabu hiyo ndiyo imeua saa nyingi, na chimbuko lake ni tangazo la gazetini la mwaka 1927.

Oktoba 7 mwaka huo Mercedes Gleitze, mpiga taipu wa London, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kuogelea kutoka Ufaransa hadi kwao. Siku chache baadaye mwanamke mwingine, tena daktari, akajitokeza kudai kwamba naye amevuka, kisha akakiri kuwa alidanganya. Uongo huo ukamchafua hata Gleitze, ikambidi arudi majini Oktoba 21 kujisafisha jina, baridi ikiwa imezidi. Hapo Hans Wilsdorf, mwenye Rolex, akaona mwanya. Mwaka uliotangulia kampuni yake ilikuwa imetoa saa ya Oyster, ambayo mfuniko wake na kile kichwa cha pembeni cha kutilia ufunguo vilifungwa kwa kukazwa kama skrubu. Akampa Gleitze moja aivae shingoni.

Gleitze hakufika. Alitolewa majini akiwa hoi kwa baridi, baada ya zaidi ya saa 10. Saa ilikuwa bado inatembea, na Novemba 24 Wilsdorf alinunua ukurasa mzima wa mbele wa Daily Mail kuitangaza. Biashara safi kabisa. Ila tukumbuke kwamba muogeleaji yuko juu ya maji, na saa iliyoko shingoni mwake haizami zaidi ya kina cha karai la kufulia. Tangazo lilithibitisha kwamba saa haikuingia maji ya juu juu. Wasomaji walielewa kwamba bahari imeshindwa.

Bahari yenyewe inafanya kazi kwa namna nyingine. Kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi kile kile cha hewa yote iliyo juu yetu tukiwa nchi kavu. Kwenye mita 18 saa inabanwa karibu mara tatu ya ilivyozoea. Na mzamiaji hakai kama jiwe: anapiga mkono, anaruka kutoka mashuani, anaigonga saa kwenye mtungi. Ile namba 30 hupatikana maabara, kwenye maji yaliyotulia, saa ikiwa mpya.

Saa ya kuzamia hasa ilitokana na hofu ya kufa. Mwaka 1908 John Scott Haldane alikuwa ameshachapisha majedwali, baada ya majaribio yake kwa mbuzi, yanayoonyesha mzamiaji akae chini muda gani na apande kwa mwendo gani ili damu isijae mapovu. Majedwali hayo hayana maana bila dakika za uhakika. Jean-Jacques Fiechter, mkuu wa kampuni ya Blancpain ya Uswisi, alikuwa mzamiaji mwenyewe, na aliwahi kuishiwa hewa chini ya maji kwa kusahau muda. Wakati huo huo Bob Maloubier na Claude Riffaud walikuwa wanawatafutia wazamiaji wa jeshi la Ufaransa saa ya kutegemewa. Mwaka 1953 ikatoka Fifty Fathoms, yaani pima 50, kama mita 91. Ilikuwa na uso mweusi, namba zinazong'aa gizani, na duara la nje la kuzungusha ili kuweka alama ya dakika ulipoingia majini. Baadaye maduara ya namna hii yakatengenezwa yazunguke upande mmoja tu. Duara likigongwa kwa bahati mbaya, litakuonyesha umekaa chini muda mrefu kuliko kweli, kamwe si mfupi.

Kisha matajiri wakaipenda sura ya saa za wazamiaji na za mabaharia kuliko kazi yake. Mwaka 1976 Patek Philippe walitoa saa ya chuma yenye umbo la dirisha la meli, wakaiita Nautilus, jina la nyambizi ya kwenye riwaya ya Jules Verne, na kuiuza kwa bei ya dhahabu. Ni saa nzuri mno. Duara la kuhesabia dakika chini ya maji haina.

Tofauti iko kwenye kupimwa. Saa ya kawaida hupimwa kwa sampuli. Saa ya kuzamia, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 6425, hupimwa moja moja, kwa mgandamizo unaozidi robo nzima ile namba iliyoandikwa, na namba yenyewe haiwi chini ya mita 100. Hupashwa moto hadi nyuzi 40 na kitu, kisha kioo hudondoshewa maji yenye ubaridi zaidi. Ukungu ukitokea kwa ndani, imefeli.

Sasa mfikirie fundi saa wa mtaani. Anafungua mfuniko kwa ncha ya kisu, anaweka betri, anaubana kwa kidole gumba. Ule mpira mwembamba unaozuia maji umekauka au umekaa upande, na hakuna wa kuugusa. Mteja akitaka uhakika, saa inatumbukizwa kwenye glasi ya maji. Glasi yenye sentimita 10 za maji inapima sehemu moja ya mia ya mgandamizo unaoongezeka kwenye mita 10.

Je, ya gharama haifai kabisa? Rolex Datejust, iliyoandikwa mita 100 na yenye kichwa cha kukazwa, itafika mita 18 na kurudi, ikiwa mipira yake ni mizima na imepimwa karibuni kwa mashine. Cartier Tank yenye mkanda wa ngozi isifike hata ufukweni. Casio G-Shock, iliyotolewa Japani mwaka 1983 na kuandikwa mita 200, inazishinda zote mbili kwa bei isiyotosha kulipia matengenezo ya Rolex.

Muda na kina siku hizi hupimwa na kompyuta ya mkononi, na vituo vya kuzamia huikodisha pamoja na mtungi. Ukienda Mafia, kodi kompyuta hiyo, na saa ya kustaafu iache Kibaha.